Disketi Tano za Mama

Mama yangu alikuwa na mdomo, na mimi nimeurithi wote, sikumwachia mtu. Watu wa Kivinje walikuwa wakisema, ukitaka kuzijua kasoro zako, pita mbele ya nyumba yetu halafu uchelewe kusalimu. Nalisema hili mwanzo ili nitakapofika kwenye maneno aliyomwambia mdogo wangu, msije mkamwona mama mtu mbaya. Ukali wake ulikuwa wa dakika tano. Bahati mbaya mdogo wangu aliondoka ndani ya dakika tano hizo.

Mdogo wangu, kitindamimba wake, alikuwa karani wa ushirika wa korosho. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na malori yao, ushirika ukapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mama hakutaka kumwona amekaa barazani anahesabu nzi. Akazunguka, akabembeleza, akampatia kazi ya kupima korosho kwa mnunuzi mmoja aliyepanga ghala pale pale mjini. Mdogo wangu akapima msimu mmoja. Msimu wa pili ulipokaribia akasema anakwenda Dar es Salaam kujifunza kompyuta.

“Hiyo kompyuta inaliwa na mchicha?” mama akauliza.

“Mama, ni kazi. Watu wanaandika programu.”

“Na mimi niliyempigia mtu magoti kwa ajili yako, nikamwambie nini? Kwamba mwanangu kaona korosho zinanuka?”

Wakavutana hivyo siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, mdogo wangu akaja mlangoni kumuaga, begi liko begani. Mimi nilikuwepo, nimekuja likizo kutoka Lindi nilikokuwa napiga taipu ofisini. Mama alikuwa anapeta mchele, hakuinua macho. Akasema, “Ukivuka kizingiti hicho, shikamoo yako usiniletee tena. Kaziamkie hizo kompyuta zako.”

Mdogo wangu alisimama pale kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akavuka.

Kabla ungo haujaisha mama alikuwa ameshajuta, nilimwona. Mikono ilikuwa inapeta na mchele unamwagika chini. Lakini kumwita arudi hakumwita, na mimi mwenye miguu sikukimbia kumrudisha. Nilijiambia watapatana wenyewe, kwani mama na mwana ugomvi wao hauna hakimu.

Hawakupatana. Barua zake zilikuwa zikija kwangu Lindi, nami nilipokwenda Kivinje nilimsomea mama, maana yeye alisoma Kurani tu, herufi zetu hizi hakuzijua. Kila barua ilimalizika kwa “wasalimu wote nyumbani.” Mama akiuliza, “Wote ndio akina nani? Na mbuzi yumo?” Ananichekesha, lakini naona jicho lake. Mwana asiyemwamkia mama yake miaka miwili, ama ana kinyongo, ama ana utii uliopita kiasi, amekatazwa na amekatazika. Mama hakujua ni lipi kati ya hayo mawili, na hilo ndilo lililomla.

Mwaka wa pili alikuja Lindi kunitembelea. Alipita Nangurukuru bila kukata kushoto kwenda nyumbani. Nikamtukana sana kwa hilo, akacheka tu, akasema, “Dada, mimi nimekatazwa. Nitakwenda nikiwa na kitu cha kumwonyesha.” Alikuwa amekonda lakini ana furaha, anazungumza kazi yake mpaka chai inapoa. Kazi yenyewe ilikuwa kubana mafaili makubwa yakawa madogo ili yasafirishwe, kisha kuyafungua huko yaendako. Sikuelewa. Akaniuliza, “Makopa si unayajua?” Nani wa kwetu asiyejua makopa? Muhogo unaumenya, unauanika, unakauka, gunia linakuwa jepesi, unakwenda nalo utakako, na huko unapata ugali wako. “Basi ni hivyo,” akasema, “ila huu wetu ukirudi unakuwa muhogo ule ule, haupungui hata nyuzi.” Na hakuwa akiandika kila kitu mwenyewe. Kulikuwa na kitu wanakiita laibrari, kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, wewe unaiita tu ndani ya programu yako ikufanyie kubana na kufungua. Kama kuazima kinu kwa jirani, akasema, huchongi kinu, unatwanga tu. Nikamwambia huko kote Dar es Salaam amekwenda kujifunza kuazima kinu. Tulicheka siku ile, Mungu anajua tulicheka. Sikumgusia tena suala la mama.

Masika yaliyofuata akaugua ini. Hospitali wiki mbili, ya tatu hakuiona. Rufiji ilikuwa imefurika, kivuko kimesimama, malori yamepanga foleni ng'ambo hii na ng'ambo ile. Akazikwa huko huko na watu wa mtaani kwake. Mama hakumwona hai wala maiti.

Siku ya arobaini akaja kijana aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akaleta sanduku. Mlikuwa na nguo, viatu, msala, na disketi tano zimefungwa kwa mpira. Kila moja ina karatasi imeandikwa kwa mkono wake: Mama 1, Mama 2, mpaka Mama 5. Kijana akasema, “Ni sauti yake. Alirekodi kwenye kompyuta ya kazini, jioni watu wakishatoka. Alisema ataileta mwenyewe sikukuu ya Idi, amsikilizishe mama yake.” Nikamuuliza anasemaje humo. Hakujua, hakuwahi kusikiliza. Hakukaa sana, akala pilau kidogo, akawahi gari.

Kwa nini asirekodi kwenye kaseti kama watu, nilisema, tukaazima redio, tukasikiliza siku ile ile, yakaisha? Nilimkasirikia maiti, wallahi. Lakini nilijua kwa nini. Alitaka mama aone alichokivukia kizingiti.

Kwetu vitu vya marehemu havilundikwi. Khitma ikisomwa, wakubwa wanakaa mkekani, vinagawiwa kwa ndugu, kila mmoja apate cha kumkumbukia na cha kumwombea. Mjomba wangu wa Njinjo, kaka yake mama, ndiye aliyegawa. Shati kwa huyu, viatu kwa yule, msala kwa mwingine. Zikabaki disketi. Mjomba akazigeuzageuza. “Na hivi?”

Mimi ndiye niliyejibu. Mimi, mtu wa ofisini, mwenye kujua. Nikasema, “Ni kama kaseti, mjomba. Ziko tano, na sisi nyumba tano. Kila nyumba ichukue moja, kila mtu awe na sauti yake.” Watu wakaniona nimesema jambo la maana. Hata mama aliitikia kwa kichwa. Basi nikazigawa kwa mkono wangu huu: ya kwanza kwa mama, ya pili kwa mjomba wa Njinjo, ya tatu kwa shangazi wa Songo Mnara, ya nne nikachukua mimi, ya tano nikampa baba mdogo wa Rondo aliyekuwa amekaa mwisho wa mkeka.

Ofisini kwetu kompyuta ilifika mwaka uliofuata, mtumba, ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Nikapelekwa mafunzo ya wiki moja, nikarudi mtaalamu wa jengo zima. Siku ya kwanza niliyobaki peke yangu mchana, nikaitumbukiza disketi yangu ya nne. Kompyuta ikakoroma, ikaandika kwa Kiingereza chake: weka disketi ya mwisho ya seti hii. Nikajaribu tena. Weka ya mwisho. Ndipo nikaelewa kwamba zile hazikuwa kaseti tano. Lilikuwa faili moja limebanwa, likakatwa vipande vitano kwa sababu halikuenea kwenye disketi moja. Nilikuwa nimemgawa mdogo wangu vipande vipande, na watu wakanisifu.

Nikaenda Kivinje kumwambia mama. Nilitegemea mdomo. Hakunifokea. Akasema, “Basi zikusanye. Yote yaliyomo sina haja nayo, mwanangu. Mimi nataka kujua jambo moja tu. Kaniamkia au hakuniamkia?”

Nikaanza na Njinjo, na nikaanza vibaya. Mjomba aliniambia kitu cha marehemu kikishagawiwa hakirudi, ni kumnyang'anya mtu kaburini. Nikamjibu, “Kwani wewe unaifanyia nini, mjomba, unailamba?” Hee! Alinyanyuka na bakora yake mzee wa watu, nikatoka mbio ukubwani kwangu. Safari ya pili nilikwenda na mama. Mama hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya kaka yake, akasema, “Nipe, kaka. Nataka kujua kama mwanangu aliniamkia.” Mjomba aliingia ndani, akakaa muda mrefu, akaja nayo imefungwa ndani ya kofia yake ya Ijumaa.

Songo Mnara hakukuwa na maneno. Shangazi alikuwa ameitia ndani ya chupa ya mdomo mpana pamoja na karafuu ili unyevu wa chumvi usiipate. Sijui nani alimfundisha. Disketi ilinukia karafuu hadi ofisini Lindi, na ilikuwa nzima kuliko yangu.

Rondo ndiko kulikonimaliza. Baba mdogo alikuwa amefariki, tena tulikwishakwenda kuzika, lakini sikuwa nimefikiri zaidi ya hapo. Mjane wake akanikaribisha, akanipa maji, nikamuuliza. Akajibu bila wasiwasi hata kidogo, “Ile ya marehemu? Tuliigawa arobaini yake.” Ilikuwa imekwenda kwa shemeji wa marehemu, na huyo shemeji alikuwa amevuka Ruvuma na biashara zake, yuko Msumbiji, hajulikani mji. Ningemlaumu vipi? Alifanya nililolifanya mimi.

Nilituma barua. Nilituma watu. Nikasubiri yule shemeji arudi msimu wa korosho, msimu ukaisha na mwingine ukaingia. Kila mwezi nilikwenda Kivinje, na kabla sijatua kikapu mama ananiuliza, “Imefunguka?”

“Bado, mama.”

“Kwani zile nne hazitoshi?”

“Hazitoshi. Kompyuta inataka ya tano. Bila ya tano haifungui hata neno moja.”

Nililisema hilo kwa sauti ya mtaalamu. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni, lakini mimi niliyekuwa naulizwa na ofisi nzima ningemuuliza nani? Mashine ilisema inataka ya mwisho, nami nikaichukua kama neno la msahafu. Sikufikiri hata siku moja kwamba mashine nayo inaweza kuwa na njia moja tu inayoijua.

Ile ya kwanza mama hakuniachia. Nikiichukua kwenda kujaribu Lindi, lazima niirudishe safari ifuatayo. Aliishonea mfuko wa kitambaa cha kanga, akawa anaiweka chini ya mto. Mchana akiwa peke yake aliitoa akaishika tu. Jirani alinihadithia kwamba kuna siku alimkuta ameiweka sikioni.

Mama alianza kuugua na ule mguu wake uliomsumbua tangu zamani, ukavimba, kisha kifua. Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa naye. Mdomo ulikuwa umeisha, amekuwa mpole hata inaogopesha. Nilimwambia, mama nitukane basi hata kidogo, akatabasamu. Siku mbili kabla hajaondoka alinishika mkono, akasema, “Ikija kufunguka, kama aliniamkia, niitikie. Usiiache shikamoo ya mwanangu inaning'inia.” Nikamwambia nitaitikia. Nikamwambia na mengine ya uongo, kwamba yule shemeji yuko njiani.

Arobaini ya mama ilipofika, mjomba aligawa kanga, sahani, na bakuli. Zile disketi hakuzigusa. Alinisogezea mkononi.

Haukupita mwaka, ofisi ikanipeleka Mtwara mafunzo ya mwezi mzima. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mkimya, anavaa miwani ya kamba. Wiki ya tatu akafundisha habari ya mafaili yaliyobanwa, jinsi ya kuyafungua kwa programu uliyoiandika mwenyewe, kwa kuita laibrari. Niliposikia neno hilo nikaweka kalamu chini. Mchana wenzangu walipokwenda kula nikabaki, nikamsimulia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kama mtu anayeuliza, si anayejua.

Akaniambia, “Programu yako ilikuwa inatafuta orodha. Orodha ya vilivyomo huandikwa mwisho, kwa hiyo iko kwenye ya tano. Bila orodha inakataa. Lakini mali yenyewe haiko kwenye orodha, dada. Imepangwa kuanzia disketi ya kwanza, neno la kwanza. Laibrari haihitaji orodha. Unaipa ulichonacho, inafungua inapoanzia mpaka inapokatikia.”

“Kwa hiyo zile nne zingefunguka?”

“Hata hiyo ya kwanza peke yake ingefunguka. Usingepata yote. Ungepata mwanzo.”

Jamani. Mwanzo. Maamkizi yanakaa wapi kama si mwanzo? Mama yangu hakuhitaji Njinjo wala Songo Mnara wala Rondo. Hakumhitaji mtu wa Msumbiji. Alichokuwa anakitafuta alikuwa anakilalia kila siku, kimeshonewa mfuko wa kanga, na bintiye mtaalamu yuko pembeni anamwambia haifungui hata neno moja. Niliweka kichwa juu ya meza ya darasa na nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Hata sasa nikiandika haya sijamaliza kulia. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu habebeki mgongoni.

Mwalimu aliningoja. Kisha akaniuliza kama ninayo. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, nilikuwa natembea nayo tangu arobaini ya mama. Akaandika mistari yake, haikufika ishirini. Akaitumbukiza disketi ya kwanza, mashine ikakoroma kama ilivyokuwa ikikoroma miaka yote ile, na safari hii haikuomba kitu. Akageuza spika zikanielekea.

Kwanza palikuwa na mlio wa kiti kikivutwa. Kisha mdogo wangu akakohoa, kikohozi chake kile kile cha kusafisha koo kabla hajaingia ndani kwa wakubwa. Akasema:

“Shikamoo, mama.”

Kisha akanyamaza. Hakuwa amekwama. Alikuwa anasubiri, amemwachia mama nafasi yake ya kujibu, kama mtu aliyesimama mlangoni na kichwa amekiinamisha. Nikakumbuka nilichoagizwa. Nikafungua mdomo huu ninaojisifia, mdomo uliomnyanyua mjomba na bakora, na hapakutoka kitu. Ile nafasi ikapita, nikamsikia akivuta pumzi, akasema kwa sauti ya chini, “Haya, mama. Si kitu. Mguu unaendeleaje?”

Nikamshika mwalimu mkono. “Irudishe,” nikamwambia. “Irudishe mwanzo.”

Akairudisha. Kiti kikavutwa. Akakohoa. Akasema, “Shikamoo, mama,” na safari hii niliwahi, nilikuwa nimeshajiweka tayari, nikaitikia kwa nguvu kama mama alivyokuwa akiitikia kutoka uani: “Marahaba, mwanangu! Marahaba!”

Akasubiri kama alivyosubiri mwanzo. Akavuta pumzi.

“Haya, mama,” akasema. “Si kitu.”